Insha kwa vijana wetu: maswali ninayoulizwa kila muhula

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Mbeya, na Jumamosi nakaa na vijana wa kidato cha pili hadi cha nne kwa ajili ya utungaji tu. Walimu wenzangu kutoka Rungwe, Mbozi, Makambako hadi Mafinga, na wazazi ninaokutana nao sokoni Mwanjelwa, huniuliza maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Mifano yangu mingi ni ya viazi, na sababu naieleza kwenye swali la pili.

Aina za insha ni ngapi hasa? Kila kitabu kina hesabu yake.

Ni kweli. Kimoja kinazigawa mara mbili tu, insha za kisanaa na zisizo za kisanaa. Kingine kinataja masimulizi, wasifu, maelezo, hoja na methali. Cha tatu kinatia barua, hotuba, risala, matangazo na kumbukumbu za mikutano kwenye kapu hilohilo. Mwalimu mgeni akivisoma vyote usiku mmoja, asubuhi anaingia darasani kichwa kinamuuma.

Mimi darasani sihesabu. Nawauliza vijana mambo mawili: nani atasoma, na akimaliza kusoma unataka afanye nini? Ukitaka mtendaji wa kijiji achukue hatua, hiyo ni barua rasmi. Ukitaka msomaji aone kitu ambacho hakuwahi kukiona, ni wasifu. Ukitaka ajue jambo linavyofanyika, ni maelezo. Ukitaka aulize "ikawaje?", ni masimulizi. Ukitaka ahame upande aliokuwepo, ni hoja. Kijana akishajibu hayo mawili, aina inajitaja yenyewe. Ila kwenye mtihani atumie majina yaliyomo kwenye muhtasari, maana mtahini hana habari na vionjo vyangu.

Mbona mifano yako yote ni lumbesa?

Kwa sababu watoto wangu wanaijua kuliko mimi. Wengi wametoka Uporoto, Isyonje, wengine Makete na Njombe, na ada zao zimelipwa na viazi mviringo. Sheria inataka mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo, lakini huko shambani gunia linaongezewa kilima juu, linashonewa kamba, na mkulima analipwa kwa gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Sasa tazama utajiri wake: kuna mtu anaumia, kuna hesabu, kuna mabishano, kuna ofisi ya kupelekewa malalamiko, kuna mkutano wa kijiji, kuna mgeni rasmi atakayesomewa risala. Jambo moja linabeba aina zote za insha bila kubadilisha mada.

Linganisha na ile mada pendwa ya "Safari yangu ya kwenda Dar es Salaam kwa ndege". Kijana ndege anaiona ikishuka uwanja wa Songwe, basi. Unategemea aandike nini kama siyo uongo uliopambwa kwa "bluu ya kuvutia" na "wahudumu warembo wenye tabasamu"? Mwalimu wa Kyela atumie mpunga au kakao. Wa Mufindi ana chai na mbao. Kila mahali pana lumbesa yake.

Wanafunzi wanachanganya wasifu, masimulizi na maelezo. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo. Usianze na fasili. Andika ubaoni aya tatu za kitu kimoja, kisha nyamaza. Hizi ndizo ninazotumia:

*Gunia limesimama ukingoni mwa shamba kama mama mjamzito aliyechoka. Juu ya mdomo wake limeshonewa wavu wa kamba za bluu. Viazi vinachungulia kwenye matundu, vingine vimebaki na udongo mweusi.*

*Dalali alilikandamiza gunia kwa goti, akavuta kamba, akasema, "Ongeza ndoo moja, mzee." Baba akaongeza. "Nyingine." Baba akanitazama, akaongeza. Ndoo ya tatu ilipoingia, kamba ikakatika.*

*Lumbesa hufungwa kwa hatua tatu. Kwanza gunia hujazwa hadi mdomoni. Kisha wavu hushonewa juu ili kuongeza nafasi. Mwisho viazi hupangwa kwa mkono ndani ya wavu mpaka kilima kisimame.*

Waambie wapigie mstari vitenzi peke yake. Watashangaa. Aya ya kwanza imejaa *-me-* na *-na-*: limesimama, vinachungulia, vimebaki. Kitu kimetulia, jicho ndilo linalotembea. Ya pili imeanza na *-li-* mara moja, kisha *-ka-* imeshika usukani: akavuta, akasema, akaongeza, ikakatika. Ya tatu ni *hu-* mwanzo mwisho, maana haisemi gunia la nani wala lini; inasema mambo yalivyo siku zote.

Yaani Kiswahili chenyewe kimeshaziweka aina za insha ndani ya viambishi, na sisi tunahangaika kukaririsha watoto fasili. Kijana akiandika masimulizi yasiyo na *-ka-* hata moja, mara nyingi ameandika ripoti ya polisi. Akiandika maelezo yaliyojaa *-li-*, ameshaanza kusimulia na amesahau alichoulizwa. Nawapa kalamu za rangi mbili wasahihishe wenyewe, na muda wa kubishana na mwalimu unapungua sana.

Nawatahadharisha hata hivyo: hii siyo amri. Msimulizi mzuri anaweza kusimamisha kisa katikati aeleze sura ya dalali, na hapo *-me-* itaingia. Kinachotakiwa ni kijana ajue kwamba amebadili gia, na kwa nini.

Insha za hoja za wanafunzi wangu zote ni "faida tano na hasara tano". Nawatoaje huko?

Kwa mdahalo kwanza, kalamu baadaye. Mwaka fulani nilipanga mdahalo wa Jumamosi: "Lumbesa ni wizi." Nilitegemea darasa zima likubaliane tupige makofi twende nyumbani. Akasimama binti mmoja, mama yake ni dalali. Akasema: "Gari linatoza kwa gunia, halitozi kwa kilo. Geti la ushuru nalo linahesabu magunia. Mama akinunua magunia madogo, nauli na ushuru vinammaliza kabla hajafika Dar es Salaam. Mnataka mama ale nini?"

Darasa lilikaa kimya. Mimi pia. Nilikuwa nimeingia na jibu moja mfukoni.

Tangu siku hiyo insha ya hoja kwangu haikamiliki bila aya moja ya upande wa pili, tena iandikwe kwa heshima, kama angeiandika yule binti. Baada yake ndiyo mwanafunzi ajibu. Anaweza kusema dawa ni ushuru na nauli kutozwa kwa kilo, mizani iwepo kijijini, au lolote, lakini awe amemsikia mwenzake. Mpangilio huo unazaa wenyewe yale maneno ambayo walimu tunayaandika ubaoni bure: *hata hivyo, ilhali, licha ya, kwa kuwa, ndiyo maana*. Mtoto hayatumii kwa sababu ameambiwa. Anayatumia kwa sababu amebanwa.

Orodha ya faida na hasara haina ubaya kama swali limesema "taja" au "eleza". Swali likisema "jadili" au "unakubaliana na kauli hii?", orodha inamwacha msomaji njia panda.

Nipo Iringa, wanafunzi wangu ni wa mjini, viazi hawavijui.

Una Mkwawa, mtawala wa Wahehe, unataka nini zaidi? Mapigano ya Lugalo ya mwaka 1891, Wahehe walipokishinda kikosi cha Wajerumani cha Zelewski, ni masimulizi yaliyokamilika: kuna kuvizia, kuna kelele, kuna mshangao. Namna fuvu la Mkwawa lilivyopelekwa Ujerumani na kurudishwa mwaka 1954, likawekwa Kalenga, ni insha ya maelezo yenye mfuatano wa sababu na matokeo. Je, mabaki mengine ya mababu yaliyoko Ulaya yarudishwe? Hiyo ni hoja, na vijana wanaipenda. Mwamba wa Gangilonga wauandikie wasifu, ila wapande kwanza. Na kabla ya kwenda Kalenga, kila mmoja aandike barua rasmi ya kuomba ziara. Mtachagua moja itumwe kweli. Jambo moja, aina tano.

Barua rasmi tunaifundisha kila mwaka na bado wanaiharibu. Tatizo liko wapi?

Sura wanaijua: anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya mwandikiwa kushoto, salamu, kichwa cha barua, kiini, mwisho na sahihi. Kinachowashinda ni kuondoka kwenye barua ya kirafiki. Nilimpa kijana wa kidato cha pili kazi ya kumwandikia mtendaji wa kijiji kuhusu lumbesa, akaanza hivi: "Habari za siku nyingi? Mimi sijambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali nami." Ofisi ya mtendaji ipo hatua mia mbili kutoka shuleni.

Tukaifanyia kazi pamoja. Baada ya "Ndugu" ikaja:

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU UFUNGASHAJI WA LUMBESA*

*Mimi ni mkazi wa kitongoji hiki na mwanafunzi wa kidato cha pili. Naandika kuomba ofisi yako iitishe mkutano wa wakulima na wanunuzi kabla ya mavuno ya mwezi ujao.*

Sentensi mbili, na mtendaji ameshajua nani anamwandikia, anataka nini, kabla ya lini. Mengine ni ushahidi. Ile "Husika na kichwa cha habari hapo juu" mimi naikata. Najua ofisi nyingi zinaiandika, na mtoto akiiandika kwenye mtihani hatapoteza alama, lakini kumwamuru mkubwa "ahusike" na kichwa cha habari sijawahi kuizoea.

Na tarehe! Mwaka mmoja tulipeleka barua ya darasa kwenye ofisi moja, karani akairudisha pale pale mlangoni: haikuwa na tarehe. Niliyeisahihisha na kuipa alama 18 kati ya 20 ni mimi.

Risala na hotuba, tofauti ni nini?

Nani anasema kwa niaba ya nani. Risala ni ya kundi. Mmoja anaisoma lakini ndani yake ni "sisi", inamwelekea mgeni rasmi, inataja mafanikio, inataja shida, inamaliza kwa maombi. Hotuba ni ya msemaji mwenyewe kwa hadhira iliyo mbele yake. Mfano wa haraka ni sikukuu ya wakulima, Nane Nane, hapa Mbeya pale viwanja vya John Mwakangale: wakulima wanasoma risala, kisha mgeni rasmi anapanda jukwaani anatoa hotuba ya kuwajibu. Gawa darasa mara mbili, nusu waandike risala ya wakulima wa viazi, nusu wasubiri, wasikilize, ndipo waandike hotuba ya mgeni. Wasioandika risala nzuri watajibiwa porojo na wataliona wenyewe.

Kumbukumbu za mkutano?

Hizi hazihitaji somo refu. Kichwa chenye jina la mkutano, mahali na tarehe, mahudhurio, ajenda, kufungua, yatokanayo, yaliyoamuliwa, mengineyo, kufunga, sahihi za mwenyekiti na katibu. Mwambie mwanafunzi aandike kilichoamuliwa, asiandike nani alimkasirikia nani. Akitaka kuandika hasira, arudi kwenye masimulizi.

Ni lazima kichwa cha insha kisizidi maneno matano?

Ndivyo tunavyowafundisha, na kiwe kwa herufi kubwa. Fuata. Ila "LUMBESA" ni neno moja na ni kichwa kibaya, wakati "KAMBA ILIPOKATIKA" ni maneno mawili na tayari nataka kusoma.

Insha ya methali: wanatoa maana ya methali halafu wanaishiwa.

Methali nyingi zina pande mbili, na kisa lazima kiwe na pande zote mbili. Chukua "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Wanafunzi wanajaza kurasa tatu za mtoto aliyedekezwa, simu, viatu, kukosa shule, halafu kengele inalia. Mzazi hajalia! Methali imebaki na mguu mmoja. Nawaagiza waanze kupanga kutoka mwisho: mzazi atalia wapi, mbele ya nani, kwa sababu ipi? Wakishakuwa na hapo, nusu ya kwanza inajiandika na haizidi ukurasa.

Methali yenyewe isirudiwe kila aya kama kiitikio cha kwaya.

Shikamoo mwalimu. Swali likisema maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300, nikiandika 400 nitapata alama zaidi?

Marahaba. Hapana, utakuwa umekiuka maelekezo, na umechoka bure. Hesabu maneno ya mistari mitatu, gawanya kwa tatu, utajua mstari wako una maneno mangapi. Ukiandika maneno kumi kwa mstari, lengo lako ni mistari kama 27. Weka alama ndogo ya penseli hapo kabla hujaanza.

Nyumbani wanaongea Kinyakyusa (au Kihehe, au Kisafwa). Inawaharibia?

Inawasumbua kwenye tahajia, hasa *l* na *r*. Lugha zetu nyingi za huku hazizitenganishi kama Kiswahili kinavyofanya, kwa hiyo mtoto anaandika "kurara" na "kuludi" kwa moyo mweupe kabisa. Usimcheke. Mpe daftari dogo la maneno yake mwenyewe anayokosea, siyo orodha ya darasa zima, na ayasome kwa sauti.

Kwenye masimulizi lugha ya nyumbani ni mali. Bibi kwenye kisa akimsalimu mgeni "Ugonile" kwa Kinyakyusa au "Kamwene" kwa Kihehe, mimi nampa kijana alama, maana ameniweka ndani ya nyumba ile. Wasiwasi wangu mkubwa ni "cjui", "xaxa" na "2po" za meseji za simu, ambazo hazijatoka kwa bibi wa mtu yeyote. Kuna pia sentensi zilizobebwa kutoka kwenye masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza. Kijana akiandika "kitabu ambacho nilikuwa nimepewa na baba yangu", muulize angemwambiaje rafiki yake. Atasema "kitabu alichonipa baba". Basi, aandike hivyo.

Nina wanafunzi wengi mno. Madaftari yananiua.

Yatakuua kweli ukisahihisha kila kitu. Wiki hii sahihisha utangulizi tu. Wiki ijayo vitenzi tu. Tangaza mapema, ili wajue unachotafuta. Na usisahihishe kabla hawajabadilishana madaftari wenyewe kwa wenyewe. Makosa ya kipuuzi yanaishia huko.

Wanaleta insha zilizoandikwa na akili mnemba. Nitazijuaje?

Zinanukia. Hazina jina la mtaa, hazina bei, hazina mtu mwenye kosa, na kila aya ina urefu uleule. Lakini sipendi kazi ya upelelezi. Naandikisha rasimu ya kwanza darasani, kwa kalamu, dakika 25, na inabaki kwangu. Akienda nyumbani kuiboresha kwa simu ya kaka yake, atarudi na kitu cha kulinganisha, na tutazungumza kuhusu kilichoongezeka na kilichopotea. Mara nyingi kilichopotea ni ile ndoo ya tatu.

Mimi ni mzazi, niliishia darasa la nne. Nitamsaidiaje mwanangu?

Mama mmoja wa Isyonje aliniuliza hivi akiwa ameshika mkono wa kijana wake, na kijana akaangalia chini kwa aibu. Nikamwambia: kila akileta insha, mwambie akusomee kwa sauti wakati unamenya viazi. Usitafute makosa ya herufi, hiyo kazi yangu. Mahali ambapo hujaelewa, mwambie "rudia hapo". Mahali unapojua zaidi yake, mwambie.

Baada ya wiki mbili kijana akaja na masimulizi yake ya siku ya kuuza viazi, yamefutwafutwa, karatasi imechoka. Nikamuuliza kulikoni.

"Mama amenirudisha mara tatu, mwalimu. Anasema nimeruka pale kamba ilipokatika. Anasema viazi vilipomwagika, dalali alicheka kwanza ndipo akainama kuokota, na mimi niliandika ameokota tu."